Uzi maalumu: kusokota na kufuma kwa mkono kwa mbinu za kale (kabla hujauliza habari za kitanda, soma hapa)

#1 Kisahani

Wakuu, salaam.

Kila mara humu ndani anatokea mtu na swali lilelile: "Nataka kuanza kufuma kwa mkono, nitengeneze kitanda cha kufumia cha aina gani?" Majibu yanamiminika. Mbao za namna hii, vigingi vya namna ile, upana kadhaa. Hakuna anayemuuliza atafumia nini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili wabishi mjipange: kazi ya kitambaa iko kwenye uzi. Kitanda cha mfumi ni vijiti na kamba. Ukiwa na uzi mzuri, vigingi vinne vilivyopigwa ardhini vinatosha, na Wamisri wa kale walifuma kitani chao safi kwa vigingi hivyohivyo. Ukiwa na uzi mbovu, kitanda kizuri kitakuumbua tu.

Tupige hesabu. Chukua kitambaa cha mita moja kwa mita moja, cha kawaida kabisa, nyuzi 10 kwa sentimita kila upande. Mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazotandwa kwanza, ni nyuzi 1,000 za mita moja moja. Mshindio, ule unaopitishwa kukata mtande, ni mita nyingine 1,000. Tayari una mita 2,000, na hujagusa ncha zinazobaki kitandani wala kile kinacholiwa na uzi kupanda na kushuka. Sasa, kituo cha utafiti wa nguo cha Chuo Kikuu cha Copenhagen kiliwahi kufanya majaribio kwa nakala za vijiti vya kusokotea vya kale, na wasokotaji wao wazoefu walitoa kama mita 35 hadi 50 kwa saa, kutegemea uzito wa kijiti. Gawanya mwenyewe. Saa 40 na zaidi za kusokota tu, mbali na kusafisha na kuchana. Kufuma kwenyewe kunachukua sehemu ndogo ya muda huo.

Mnaopenda historia ya viwanda mtaona mambo yanavyokaa. Mwaka 1733 John Kay wa Uingereza alipotoa kifaa cha kurusha mshindio, wafumaji walikimbia zaidi, na njaa ya uzi ikazidi. Mashine za kusokota za James Hargreaves katika miaka ya 1760, ya Richard Arkwright mwaka 1769 na ya Samuel Crompton mwaka 1779 zilikuja kuziba pengo hilo. Mapinduzi ya viwanda, kwa upande wa nguo, yalianza kwa sababu wasokotaji hawakutosha.

Kwa hiyo tuanze na kijiti. Ni ufito ulionyooka, unene wa penseli au pungufu, umechomekwa kisahani chenye tundu katikati. Kisahani kinaweza kuwa cha udongo wa kuchoma, jiwe, mfupa, mbao, hata kigae cha chungu kilichovunjika kikachongwa mviringo na kutobolewa. Visahani vya vigae vimeokotwa na wanaakiolojia sehemu nyingi duniani, kuanzia Ulaya hadi magofu ya Kilwa. Mbao huoza, uzi huoza, kisahani hubaki. Mara nyingi ndicho ushahidi pekee kwamba mahali fulani watu walisokota.

Namna ya kufanya: funga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, upande nao hadi ncha ya juu, utie kitanzi. Shikanisha ncha yake na nyuzinyuzi ulizochana. Zungusha kijiti. Msokoto unapanda, unashika nyuzinyuzi, nawe unavuta kidogokidogo ili ziteleze zikipungua unene kabla msokoto haujazifikia. Hapo ndipo ufundi wote ulipo, kwenye sehemu ndogo kati ya mikono miwili. Mkono wa chini ni mlango: ukiufunga, msokoto haupiti, ukiulegeza, unapita. Mkono wa juu kazi yake ni kuvuta tu. Anayeanza huruhusu msokoto upite kabla hajavuta, halafu anang'ang'ana kuvuta kilichokwisha kusokotwa. Hakivutiki. Kinatoka uzi wenye vinundu huku na sehemu nyembamba kama nywele kule.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili. Zungusha kijiti hadi msokoto ujae, kibane katikati ya magoti kisizunguke, kisha vuta nyuzinyuzi taratibu ukiachia msokoto upande kwa kipimo. Msokoto ukiisha, zungusha tena. Mwendo wa kinyonga, lakini vidole vinajifunza. Kuning'iniza kijiti kikizunguka hewani ni baadaye.

Mwelekeo nao usiupuuze. Ukizungusha kwa mwendo wa saa, mistari ya msokoto inalala kama mstari wa katikati wa herufi Z. Ukizungusha kinyume, inalala kama S. Chagua mmoja na usibadilishe ndani ya donge moja. Ukitaka kuunganisha nyuzi mbili ziwe uzi mmoja imara, zisokote pamoja kinyume cha msokoto wa kwanza. Kila mmoja utataka kujifungua, na huko kutaka kujifungua ndiko kutakakowafunga. Mbinu hii ni kongwe kuliko sisi: katika pango la Abri du Maras huko Ufaransa kilipatikana kipande cha kamba kisichofika hata sentimita moja, cha nyuzi tatu za ganda la mti zilizosokotwa S kisha zikaunganishwa Z. Kiliachwa na Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2020.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

#2 Nusu Fundi

Mkuu Kisahani, nimeweka kambi hapa. Swali la kwanza: kisahani kiwe na uzito gani? Nimechonga cha mbao nzito, nikisokota pamba, uzi unakatika kila nikikiachia kining'inie.

#3 Kisahani

Mkuu, tatizo lako si mikono, ni pamba na uzito. Unyuzi wa pamba ni mfupi, milimita 20 hadi 35 hivi. Sufu ya kawaida ya kusokota ina sentimita 5 hadi 15. Kitani kilichochanwa vizuri kinafika sentimita 60 na zaidi. Hariri ni habari nyingine kabisa, maana unyuzi mmoja unaofunguliwa kwenye kifuko cha kiwavi unafika mamia ya mita. Kadiri unyuzi ulivyo mfupi, ndivyo unavyohitaji msokoto mwingi kwa kila sentimita ili usichomoke, na ndivyo usivyovumilia kuning'iniziwa mzigo.

Kwa pamba, usining'inize. Tafuta kijiti chembamba chenye kisahani cha gramu chache tu, simamisha ncha yake ya chini ndani ya kibakuli au kifuu laini, izunguke humo huku uzi ukitoka kwenye ncha ya juu kwa mshazari. Uzi haubebi chochote. Wasokotaji wa pamba wa India na wa Amerika ya Kati walitumia njia hii ya kuegemeza. Halafu pamba usiipe kijiti ikiwa bonge. Ichambue mbegu, ichane, kisha izungushie kwenye kijiti kingine iwe utambi mlegevu unaotosha kiganjani. Utambi ukikazwa mno hauvutiki.

Kwa sufu, gramu 20 hadi 40 zinamfaa anayeanza. Ukitaka uzi mwembamba, punguza uzito. Majaribio yale ya Copenhagen yalifanyika kwa visahani vya gramu 4, 8 na 18, na uzi ukawa mwembamba kadiri kisahani kilivyopungua.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni umbo. Kisahani kipana chenye uzito pembeni kinazunguka polepole lakini kwa muda mrefu, kinafaa uzi mnene usiotaka msokoto mwingi. Kidogo chenye uzito karibu na kijiti kinazunguka kwa kasi na kuchoka mapema, kinafaa uzi mwembamba. Viwili vyenye gramu sawa vinaweza kukupa nyuzi mbili tofauti kabisa.

#4 Mtanzi

Naomba kutofautiana nawe, ndugu yangu. Unawatesa watu. Gurudumu la kusokotea lipo tangu zama za kati, linatoa uzi mara kadhaa zaidi ya kijiti kwa muda uleule. Kama shida ni saa, kwa nini usimwambie mtu aende kwenye gurudumu moja kwa moja? Kung'ang'ania kijiti ni mapenzi ya ukale tu.

#5 Kisahani

Dada Mtanzi, gurudumu silipigi vita. Lakini lilipoingia Ulaya likiwa jipya, wafumaji hawakulipokea kwa mikono miwili. Huko Speyer, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 13, kanuni za wafumaji ziliruhusu uzi wa gurudumu kwenye mshindio tu. Mtande uendelee kuwa wa kijiti. Walijua wanachokisema. Uzi wa magurudumu ya mwanzo ulikuwa mlegevu na usio sawa, na mtande ndio unaobeba mvutano wote na kusuguliwa kila mshindio unapopita.

La pili, kijiti kinakufundisha kuhisi msokoto kwenye vidole. Ukijua hilo, gurudumu utalijifunza haraka. Ukianza na gurudumu, mguu unakimbia, mkono haujui unafanya nini.

La tatu, kijiti unatembea nacho. Wanawake wa milima ya Andes, Amerika Kusini, husokota huku wakitembea na kuchunga mifugo. Gurudumu utalibeba?

#6 Mtanzi

Hapo kwenye kutembea umenishinda. Kwenye mengine tutaonana.

#7 Jiwe la Mtande

Nimesoma toka juu hadi hapa, nikaona niweke jambo ambalo mwanzisha uzi amelipita. Si kila uzi wa kale ulisokotwa kwa kuvuta nyuzinyuzi kutoka kwenye bumba. Kitani cha Misri ya kale kilitengenezwa kwa njia nyingine: kuunga.

Iko hivi. Shina la kitani lina kanda ndefu za nyuzinyuzi chini ya ganda. Wamisri walizibandua kanda hizo, wakachukua ncha ya ukanda mmoja na kuilaza juu ya ncha ya mwingine, wakaviringisha kwa vidole au juu ya paja hadi zishikane, wakaendelea hivyo ukanda kwa ukanda. Unapata uzi mrefu ambao kati ya ungio moja na jingine hauna msokoto wa maana. Baadaye ndipo nyuzi mbili ziliunganishwa na kusokotwa pamoja kwa kijiti, zikipita ndani ya bakuli zito lenye maji na vishikio kwa ndani, vinavyozuia madonge yasichanganyikane na kuupa uzi mkazo. Kazi hizo zimechorwa kwenye makaburi ya Beni Hasan, na kwenye kaburi la Meketre kilikutwa kielelezo cha mbao cha karakana nzima, wanawake wakitengeneza uzi na wengine wakifuma kwenye kitanda cha chini, kimetengenezwa karibu miaka 4,000 iliyopita.

Watafiti Margarita Gleba na Susanna Harris wameonyesha kwamba kuunga hakukuwa mambo ya Misri peke yake. Dalili zake zipo pia kwenye vitambaa vya kale vya Ulaya na Mashariki ya Karibu. Ukiviangalia kwa hadubini unaona maungio. Maana yake ni kwamba ukiokota kisahani mahali huwezi kusema moja kwa moja walikuwa wakivuta na kusokota. Huenda walikitumia kuunganisha nyuzi mbili zilizoungwa.

Na matokeo yake si haba. Gauni la Tarkhan huko Misri, lililofukuliwa na mwanaakiolojia Flinders Petrie mwaka 1913 na sasa liko kwenye jumba la makumbusho la Petrie huko London, limepimwa kwa kaboni likaonekana ni la kati ya mwaka 3482 na 3102 KK. Kitani tupu, limekunjwa marinda mabegani na kwenye mikono, nyuzi 22 hadi 23 za mtande kwa sentimita na 13 hadi 14 za mshindio. Mtande peke yake ni zaidi ya mara mbili ya ile hesabu ya nyuzi 10 ya mwanzisha uzi. Ongeza saa, mkuu.

#8 Kisahani

Elimu nzito hiyo, Jiwe. Ila inanipa nguvu, hainipunguzii: kuunga ni polepole pia, na uzi bado ndio umekula muda wote. Halafu kuunga kunawezekana kwenye kitani, katani, magome na mimea ya jamii hiyo, yenye kanda ndefu. Jaribu kuunga pamba uone. Mwenye pamba au sufu hana njia ya kukwepa kuvuta.

Kitani kina tabia moja ya kuchekesha. Kilowane, kisha kikikauka, unyuzi unajizungusha wenyewe upande wa S. Uzi wa kitani wa Misri ya kale ni S kwa wingi sana. Pamba ya India nayo ilisokotwa Z. Basi kwenye bandari ya kale ya Berenike, pwani ya Bahari ya Shamu, wataalamu wakipata kitambaa cha pamba chenye uzi wa Z wanakihesabu kuwa kimetoka India, na chenye S wanakiweka upande wa bonde la Nile. Mkono wa msokotaji umeacha anwani.

#9 Nusu Fundi

Nimerudi wakuu. Pamba sasa inasokotwa, kijiti ndani ya bakuli, mambo safi. Nikatanda nyuzi chache kwa majaribio. Zinakatika! Zile zile ambazo mkononi zilikuwa imara. Na nyingine zinajikunja kama waya wa simu ya mezani.

#10 Jiwe la Mtande

Kuna kukatika kwa namna mbili, tazama ncha iliyobaki mkononi. Kama imechongoka, nyuzinyuzi zimeteleza zikaachana, msokoto haukutosha. Kama imekatika ghafla, butu, basi uzi umefika mwisho wa nguvu zake au umesuguliwa hadi ukaisha. Ya kwanza inatibika kwa kusokota zaidi. Ya pili inataka uzi mnene zaidi, au uunganishe mbili.

Kujikunja ni msokoto uliozidi, au haujatulizwa. Uzi mbichi kutoka kwenye kijiti una uhai. Uzungushe kwenye kitu uwe mkufu mrefu, ufunge sehemu kadhaa kwa kamba zisizobana, uloweke maji ya uvuguvugu (pamba hata uichemshe), kisha uanike na kitu chepesi kikining'inia chini. Ukikauka unakuwa umetulia. Kwa mshindio unaweza kuishia hapo.

Kwa mtande wa uzi mmoja usiounganishwa bado hujamaliza. Upake wanga. Pika wanga mwepesi, chovya uzi, kamua, anika huku umenyooshwa, na uupapase nyuzi zisigandane. Manyoya yanalala, uzi unakuwa mgumu kidogo na unateleza. Ukishamaliza kufuma unaufua wanga wote. Wanaofuma sufu hutumia mtande uliounganishwa au uliosokotwa kwa kukazwa, maana sufu ina magamba yanayong'ang'aniana.

Na hewa kavu ni adui wa pamba. Wasokotaji wa ile melimeli nyembamba ya Dhaka walifanya kazi alfajiri na jioni, unyevu ukiwa mwingi hewani. Uzi wako ukianza kukatika bila sababu mchana wa jua kali, weka bakuli la maji karibu na ulowanishe vidole.

#11 Kigingi

Sawa, tumewaheshimu wazee wa uzi. Mimi uzi ninao, sasa naomba kitanda bila kupelekwa mahakamani.

#12 Kisahani

Umeshinda, ndugu. Anza na cha kiunoni. Hakihitaji fundi seremala, na mvutano unauendesha mwenyewe kwa mgongo.

Unahitaji fito mbili nene za kushikia mtande, moja mbali na moja karibu nawe. Ya mbali inafungwa kwenye nguzo. Ya karibu inafungwa kwenye mkanda mpana unaopita nyuma ya kiuno chako. Ukirudi nyuma mtande unakaza, ukiinama mbele unalegea. Umeshapata kitanda.

Mtande unatandwa kwa kuzungusha uzi kwenye vigingi viwili, ukipishana katikati kwa umbo la nane. Hapo pa kupishana usipapoteze kamwe! Kabla hujautoa kwenye vigingi, pitisha kamba kila upande wa mpishano na uifunge. Ndiyo inayokuambia uzi upi ni wa juu na upi wa chini. Mpishano ukipotea, unaweza kuanza upya.

Sasa mwanya, yaani nafasi ya kupitishia mshindio. Upo wa aina mbili na unapishanisha. Wa kwanza ni rahisi: ufito mnene unakaa ndani ya mtande, umezinyanyua nyuzi za namba witiri. Mwanya uko wazi muda wote. Wa pili unaufanya kwa vitanzi. Chukua uzi imara na laini, upitishe chini ya kila uzi wa namba shufwa, mmoja baada ya mwingine, na kila ukiibuka unatia kitanzi kwenye ufito mwembamba ulioko juu ya mtande. Vitanzi vyote viwe na urefu mmoja; weka kipande cha mbao bapa kama kipimo. Ukinyanyua ufito huo, nyuzi za shufwa zinapanda kupita zile za witiri, mwanya wa pili umepatikana.

Mwendo wake: legeza mwili kidogo, nyanyua vitanzi, ingiza upanga wa mbao kwenye mwanya, usimamishe kwa ubavu ili mwanya ufunguke, pitisha kijiti chenye mshindio, laza upanga na upige mshindio uje kwako. Vuta mgongo. Badilisha mwanya. Mshindio usiuvute ukakaza; uache na mpindo kidogo kabla ya kuupiga, la sivyo kitambaa kinaingia ndani kwenye kingo na upana unapungua kila sentimita.

Kujua nyuzi ngapi zikae kwa sentimita, zungushia uzi wako kwenye rula bila kubana wala kuachanisha, hesabu mizunguko ndani ya sentimita mbili, gawa kwa mbili upate ya sentimita moja, kisha gawa tena kwa mbili. Nusu ni ya mtande, nusu ni nafasi ya mshindio kupita. Ukitaka kitambaa kinachoonyesha mtande pekee, usigawe mara ya pili, banana zaidi.

#13 Jiwe la Mtande

Na kitanda cha wima cha mawe msikisahau, kile kilichoegemezwa ukutani. Mtande unaning'inia kutoka kwenye boriti ya juu, chini umefungwa mafungu mafungu kwenye vitufe vya udongo au mawe. Mshindio unapigwa kwenda juu, si kuja chini, na kitambaa kinakua kuanzia juu. Kuna chupa ya mafuta ya Kigiriki ya karne ya 6 KK, kazi ya mchoraji anayejulikana kama Mchoraji wa Amasis, iko makumbusho ya Metropolitan huko New York: wanawake wawili wamesimama mbele ya kitanda hicho, na pembeni wengine wanapima sufu na kusokota. Picha ndogo, kazi yote imo.

Uzito wa mawe si wa kubahatisha. Uzi mwembamba sana unaridhika na kama gramu 10 kila mmoja, uzi mnene kiasi unataka 20 hadi 30. Ukiwa na kitufe cha gramu 300 na uzi unaotaka 20, unafunga nyuzi 15. Unene wa kitufe nao una hesabu yake: vitufe vikipangwa safu moja vikawa vipana kuliko kitambaa, mtande unatanuka chini kama sketi na kingo zinaharibika. Vitufe vyembamba ni vya kitambaa chenye nyuzi nyingi.

Kwa wanaopenda mikanda: kufuma kwa vibao. Vibao vya mraba, tundu kila kona, uzi mmoja kila tundu. Unavizungusha vyote robo mzunguko, unapitisha mshindio, unazungusha tena. Kila kibao kinasokota nyuzi zake nne kuwa kama kamba. Katika kaburi la jahazi la Oseberg huko Norway, ambalo mazishi yake ni ya mwaka 834, walikuta vibao 52 na kazi bado imo, haijamalizwa.

Na wale wa Andes walikuwa na kiburi ninachokipenda kuliko vyote. Walifuma kitambaa chenye kingo nne kamili, kila upande umefungwa na uzi wenyewe, kwa ukubwa uleule wa vazi linalotakiwa. Hakikatwi. Sentimita za mwisho mwanya hautoshi hata kwa upanga, wanamalizia kwa sindano, uzi kwa uzi. Ukishatumia saa zote zile kusokota, mkasi unauonaje?

#14 Mtanzi

Rangi hamjagusa. Uzi upakwe kabla ya kufuma au baada?

#15 Kisahani

Kabla, kama unataka milia na miraba. Sufu inapokea rangi za mimea kwa urahisi ukiichemsha kwanza na shabu. Pamba na kitani ni wagumu, shabu peke yake haiwashiki vizuri mpaka uwape tanini ya magome kwanza. Nili haihitaji shabu kabisa: uzi unatoka kwenye pipa ukiwa wa kijani, hewa ikiupiga unageuka bluu mbele ya macho yako. Vitambaa vya pamba vya Huaca Prieta huko Peru vina nili ya miaka kama 6,000.

Asiye na rangi alifumua. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba watu wa Sofala, pwani ya Msumbiji, walikuwa na pamba yao nyeupe wakiifuma, na kwa kuwa hawakuwa na rangi za kuipaka, walichukua vitambaa vya bluu kutoka Cambay huko India, wakavifumua uzi kwa uzi, wakavifuma upya pamoja na nyeupe yao, wakavipeleka kwenye biashara ya dhahabu. Kitambaa kizima kinabomolewa ili kupata uzi. Dada Mtanzi, bado unasema kazi iko kwenye kitanda?

#16 Mtanzi

Sijawahi kusema iko kwenye kitanda, nilisema gurudumu. Soma vizuri.

#17 Nusu Fundi

Wakuu, kipande changu cha kwanza kimetoka kitandani. Kimekaa kama wavu, nyuzi zinasogea ukizigusa. Nikitupe?

#18 Jiwe la Mtande

Usitupe, hujamaliza. Kitambaa kinachotoka kitandani bado hakijashikana. Funga ncha za mtande kwanza kwa mafundo, vinginevyo mshindio utachomoka wakati wa kufua. Kwa kuwa yako ni pamba, ichemshe kwenye maji yenye sabuni wanga utoke, uisuuze, uianike ikiwa imenyooshwa pande zote. Itanywea na nyuzi zitasogeleana. Ingekuwa sufu, ungeiponda kwa mikono kwenye maji ya moto na sabuni mpaka magamba yashikane, ukiitazama kila mara maana ikizidi hairudi. Ingekuwa kitani, ungeipiga kwa nyundo ya mbao juu ya ubao laini ikiwa bado ina unyevu.

Ikikauka, pima tena nyuzi kwa sentimita uone zimeongezeka ngapi. Namba hiyo iandike, ndiyo utakayotandia kipande cha pili.

#19 Nusu Fundi

Maji yako jikoni tayari.